Miguu ya Wazee wa Mlimani: Historia ya Matunzo ya Nyayo katika Meru na Embu

Wazee wa Meru husimulia ya kuwa asili yao ni Mbwaa, kisiwa cha pwani ambacho baadhi ya wataalamu wamekidhania kuwa ni Manda iliyo karibu na Lamu, na ya kuwa wahenga wao, walipochoka kutumikishwa na watu wa nguo nyekundu, walivuka maji wakashika njia ya bara, wakaenda kizazi baada ya kizazi mpaka wakaukabili Mlima Kenya na kujigawa katika vilima vyake: Igembe na Tigania kwenye safu ya Nyambene, Imenti, Igoji, Mwimbi, Muthambi na Chuka kwenye mteremko wa mashariki, na Tharaka kule bondeni kwenye joto. Waembu, majirani zao wa kusini, wana masimulizi yao wenyewe, na hutaja jina la Mwenendega na kichaka chake kilicho karibu na Runyenjes. Masimulizi ya namna hii yamehifadhi majina ya viongozi, ya mito iliyovukwa na ya rika zilizotangulia. Lakini miguu iliyokwenda safari hizo haikutajwa, kwa kuwa msimulizi hutaja lile lililomstaajabisha, na mguu ulio mzima haumstaajabishi mtu.

Nia yangu katika makala haya ni kuisimulia habari ya mguu huo, namna ulivyotunzwa na namna ulivyodhurika, hususan mguu wa mtu mwenye maradhi ya viungo, ambayo sisi wasemaji wa Kiswahili tumeyaita baridi yabisi tangu zama za waganga wa pwani waliojifunza tiba kwa Waarabu. Nimeuchagua mguu kwa sababu katika nchi ile umepata kutibiwa sana, na kutibiwa kwa bidii ya serikali na ya misheni, na bado yule aliyehitaji matibabu kwa muda mrefu kuliko wote ndiye aliyeachwa nyuma.

Nchi yenyewe ni ya kupanda na kushuka. Mlima Kenya, ambao kilele chake kimefika mita 5,199, umeteremsha mito mingi upande wa mashariki na wa kusini, Kathita, Mutonga, Nithi, Thuci na Rupingazi miongoni mwake, na kila mto umejichimbia bonde, hata mtu aliyetaka kumwendea jirani wa kilima cha pili, ambaye moshi wa jiko lake anauona kwa macho, ilimlazimu ateremke mpaka majini na kupanda tena. Udongo ni mwekundu na wenye rutuba, nao huteleza sana wakati wa mvua na kugeuka vumbi jepesi katikati ya misimu. Wanawake walibeba kuni, maji na mazao mgongoni, ukanda wa mzigo ukipita juu ya kipaji cha uso, kichwa kimeinama, uzito wote ukiegemea vidole vya miguu wakati wa kupanda na kugandamiza magoti wakati wa kushuka. Kule juu karibu na msitu, na upande wa Timau, baridi ya alfajiri ni kali. Kule chini, Tharaka na Mbeere, mawe na miiba ndiyo iliyokuwa adui wa unyayo. Viatu vilikuwa kipande cha ngozi ya mnyama kilichokatwa kwa kipimo cha mguu na kufungwa kwa kamba, navyo vilivaliwa na wasafiri na wachungaji wa nyikani zaidi kuliko wakulima wa vilimani.

Katika maisha ya namna hiyo mguu haukuwa na matunzo yake ya pekee yaliyotengwa na matunzo ya mwili mzima. Mbarika uliota karibu na makao ya watu, mbegu zake zikatwangwa na kukamuliwa, na mafuta hayo, au mafuta ya mkia wa kondoo, ndiyo yaliyolainisha ngozi ya kijana na ya mzee kwa pamoja. Mzee ambaye viungo vyake vimekaza alipewa mahali pa karibu na moto, akakandwa kwa maji ya moto na majani, akapakwa mafuta, na mtoto wa nyumbani, aghalabu mjukuu aliyebeba jina lake kwa desturi ya nchi hiyo, ndiye aliyetumwa kumshika miguu. Ninayataja haya kwa heshima, kwa maana yeyote aliyepata kusoma mafunzo ya leo juu ya maradhi ya viungo atayatambua mambo manne ndani yake: joto, mafuta ya kuzuia ngozi isipasuke, mapumziko, na mkono wa mtu mwingine. Ila wazee wale, kama walivyodhani waganga wetu wa pwani, waliamini kuwa chanzo ni baridi iliyoingia mifupani na umri uliosogea, na imani hiyo ilimfanya mgonjwa kijana, mwanamke wa miaka 30 au 40 ambaye vidole vyake vimeanza kuvimba, akae pasipo jina la maradhi yake, kwa kuwa uzee haujamfikia na baridi haimpati yeye kuliko wenziwe.

Kisha akaja funza, naye alikuja kutoka mbali. Mwaka 1872 jahazi la Kiingereza liitwalo Thomas Mitchell lilitoka Brazili likatia nanga Ambriz, katika pwani ya Angola, likiwa limepakia mchanga wa kulitia uzito, na ndani ya mchanga huo alikuwamo mdudu mdogo ambaye Afrika ilikuwa haijamjua. Jike lake hujipenyeza katika ngozi ya binadamu, hasa chini ya kucha za miguu na kwenye visigino, akavimba kwa mayai mpaka akawa na ukubwa wa mbegu ya mtama au zaidi. Kwa muda wa miaka 25 hivi mdudu huyo aliivuka Afrika nzima kutoka bahari hata bahari, akipanda mto Kongo pamoja na vyombo, akifuata misafara ya pembe na ya wapelelezi, bighairi ya kubebwa na mtu kwa makusudi. Mwaka 1892 msafiri wa Austria, Oscar Baumann, aliikuta nchi ya magharibi ya Ziwa Viktoria imo katika masaibu makubwa kwa ajili yake, na kabla ya karne kwisha funza alikuwa amekwisha kufika Bagamoyo na Unguja. Nchi za Mlima Kenya zilikuwa kando ya njia kuu za misafara. Walakini biashara ya pembe na ya vyakula iliziunganisha na njia hizo, na baada ya Waingereza kuipiga Embu mwaka 1906 na ofisa wao E. B. Horne kujenga boma la Meru mwaka 1908, njia zilifunguliwa, watu wakaamriwa kuzilima na kubeba mizigo juu yake, na mdudu hakukosa mguu wa kupanda.

Funza alikuta mambo mawili yanayompendeza: vumbi kavu la sakafu ya udongo, na unyayo mtupu. Watu wa mlimani walijifunza upesi dawa ya kwanza, ambayo ni mwiba, na baadaye pini na sindano ya kushonea. Kazi hiyo inataka ustadi. Anayetoa funza hupanua tundu kidogo kidogo akizunguka kiini cheupe, bila ya kukipasua, maana akikipasua mayai husambaa na kidonda huchimbika. Akimtoa mzima, hupaka mafuta au majivu, na siku hizi za karibuni mafuta ya taa. Wamama walikuwa mabingwa wa kazi hiyo, na watoto wakaurithi ujuzi huo kwa kufanyiwa na kisha kwa kufanya. Nathubutu kusema kwamba kwa miaka zaidi ya 100 nyumba za Meru na Embu zimekuwa na shule ya kutazama miguu ambayo haikuandikwa katika daftari la idara yoyote: kila jioni mguu uliinuliwa, ukaoshwa, ukageuzwa mbele ya mwanga, ukakaguliwa kidole kwa kidole. Tabibu wa leo akimwambia mgonjwa wake azitazame nyayo zake kila siku, humwambia jambo ambalo bibi yake alikwisha kulijua.

Lakini ujuzi huo ulikuwa na sharti lake, nalo ni kwamba mwenye mguu aweze kuinama na mwenye kushika pini awe na vidole vinavyotii. Hapo ndipo maradhi mawili yalipokutana katika mguu mmoja. Mwanamke ambaye mikono yake imepinda kwa baridi yabisi hawezi kushika sindano, na ambaye nyonga na magoti yake yamekaza hawezi kuufikia unyayo wake. Akiwa peke yake, watoto wamekwenda kutafuta kazi, funza humlundikia miguu yote miwili, kidonda kikaja juu ya kidonda, kucha zikang'oka, na pepopunda ikapata mlango. Majirani humwita mchafu. Yeye naye, kwa haya, huuficha mguu chini ya kanga na kutokwenda tena kanisani wala sokoni. Sijui fedheha iliyo na dhuluma kubwa zaidi ya hiyo, kumlaumu mtu kwa uchafu ilhali kosa lake ni kwamba viungo vyake havikunjiki.

Vita vya 1914 viliionyesha dunia, kama ilikuwa na macho ya kuona, mguu wa mtu wa bara unavyoweza kutumika hata ukaangamia. Vijana wa Meru na Embu walichukuliwa pamoja na wa makabila mengine katika kikosi cha wapagazi, kile kilichoacha jina la Kariakoo katika Nairobi na Dar es Salaam, na ule uandikishaji mkubwa wa 1917, uliosimamiwa na ofisa wa serikali John Ainsworth, ulizizoa nyumba nyingi. Walibeba mizigo ya vyakula na risasi mpaka kusini ya Tanganyika, wengi wao miguu mitupu, katika matope na katika nchi iliyojaa funza. Makaratasi ya serikali yalihesabu zaidi ya wafuasi 40,000 wa jeshi la Waingereza waliokufa katika vita hivyo vya Afrika ya Mashariki, walio wengi kwa kuhara, malaria na vichomi kuliko kwa risasi. Wale waliorejea vilimani walirejea na nyayo zilizopasuka na viungo vilivyoumia; hapakuwa na hospitali ya kuwapokea kwa ajili hiyo, na mguu unaouma haukuwa sababu ya kupewa fidia.

Hospitali zilianza kidogo kidogo. Waanglikana walikuwa Kigari katika Embu tangu 1910, Wamethodisti walifika Kaaga karibu na Meru mwaka 1912, na mapadre wa Consolata waliingia nchi hiyo takriban wakati huohuo. Lakini jina litajwalo zaidi katika habari ya tiba ni la Dkt. Clive Irvine wa misheni ya Kiskoti, aliyefika Chogoria mwaka 1922 na kukaa huko miaka mingi. Maua, katika Igembe, ilipata hospitali ya Wamethodisti kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920. Na kilichowavuta watu kwenye nyumba hizo za matabibu, wao ambao hapo kwanza waliziogopa, kilikuwa ni maradhi mengine tena ya ngozi na mifupa, nayo ni buba.

Buba kwa leo imesahauliwa, na ni furaha kuwa imesahauliwa, ila pasipo kuielewa hatuwezi kuelewa lile lililofuata. Iliambukizwa kwa kugusana, hasa baina ya watoto, ikatoa malengelenge na vidonda, na baadaye ikashuka katika nyayo, ngozi ikawa nene na kupasuka, hata mgonjwa akatembea upande kwa upande akikwepa kukanyaga. Na katika wengine ikaingia mifupani na kuleta maumivu ya usiku ya miundi na vifundo. Katika miaka ya 1920, wakati Dkt. J. L. Gilks alipokuwa mkuu wa idara ya tiba ya Kenya, serikali na misheni walianza kuitibu kwa sindano za dawa za aseniki na bizimathi, na matokeo yake yalikuwa ni ya ajabu. Mtu aliyekuja akitambaa alirudi kwao akitembea baada ya sindano chache. Habari ilivuka mabonde upesi kuliko tarishi wa serikali. Watu walikuja makundi kwa makundi, wakalala nje ya zahanati, wakalipa, wakasubiri. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja penisilini, na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF, kati ya 1952 na 1964, walitibu watu wapatao milioni 50 katika nchi 46, hata buba ikapungua sana katika dunia nzima.

Athari ya ushindi huo juu ya wagonjwa wa viungo ilikuwa kubwa, na nadhani haijaandikwa inavyostahili. Sindano ilikuwa imeondoa maumivu ya mguu mbele ya macho ya watu. Basi kila aliyeumwa na mguu aliitaka sindano. Mwenye buba alipona. Mwenye baridi yabisi alichomwa, akangoja, mguu ukabaki vilevile, akaenda zahanati nyingine akachomwa tena, na mwisho akahitimisha, au akahitimishiwa, kwamba yake si ya hospitali. Maradhi haya hayaondoki kwa dawa ya siku moja; yanataka miaka ya uangalizi, na hospitali za siku zile zilijengwa kwa ajili ya maradhi yanayopona upesi au yanayoua upesi. Hata leo, katika zahanati za vilimani, kuna wazee wasioridhika na ushauri wala vidonge pasipo kuchomwa sindano, na wahudumu vijana huwacheka. Wangeijua historia hii wasingewacheka.

Matabibu nao walikuwa na upofu wao. Kwa muda mrefu ilisemwa na madaktari wa Kizungu kwamba baridi yabisi ya kweli, ile inayokula viungo vya pande zote mbili za mwili na inayowapata wanawake takriban mara tatu zaidi ya wanaume, ni nadra kwa Waafrika. Huenda ilikuwa chache kuliko Ulaya. Walakini nani alikwenda kutafuta? Mwaka 1966 jarida la East African Medical Journal lilichapisha makala ya L. Hall juu ya uvimbe wa viungo vingi nchini Kenya, na katika miaka iliyofuata madaktari wa Uganda, B. R. Kanyerezi akiwa mmoja wao, waliandika juu ya wagonjwa wao wa Mulago, na polepole neno "nadra" likaanza kukosa nguvu. Wakati huo Mmarekani Philip Hench alikuwa amekwisha kuonyesha, mwaka 1948, namna kotizoni inavyowainua waliolala kitandani, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1950. Na katika 1951 daktari wa London, Francis Page, alikuwa ameona kwamba dawa ya malaria iitwayo mepakrini huwapa nafuu baadhi ya wagonjwa wa viungo, jambo lililofungua njia ya haidroksiklorokwini itumikayo leo. Dawa za ukoo huo zilikuwamo katika makabati ya zahanati zote za Kenya kwa ajili ya homa. Mwenye vidole vilivyopinda hakufikiriwa.

Sasa nieleze maradhi haya yanavyoufanya mguu, kwa kuwa bila ya hilo historia ya viatu, ambayo nakusudia kukaa nayo kidogo, haitakuwa na maana. Uvimbe hupenda kuanzia katika viungo vile vinavyounga vidole vya mguu na unyayo. Viungo hivyo vikivimba, mto wa nyama ulio chini yao husogea mbele, mifupa ikabaki kukanyaga ngozi tupu, na mgonjwa husema kwamba kila hatua ni kama kukanyaga changarawe. Kidole gumba hulalia wenzake, vidole vidogo hujikunja kwa juu, kifundo huzama upande wa ndani. Mwili nao hujilinda kwa kuotesha ngozi ngumu, sugu, mahali panapobanwa, na chini ya sugu hiyo huweza kufanyika kidonda ambacho mwenyewe hakioni. Jongo ni shauri jingine: hilo huvamia usiku, aghalabu katika kidole gumba, kwa wekundu na joto lisilovumilia hata shuka, kisha huondoka na kurudi.

Mguu wa namna hii ulikutana na kiatu cha dukani. Kampuni ya Bata ilianzisha kiwanda Limuru karibu na mwaka 1940, na kwa kuwa Meru na Embu walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Kenya kuruhusiwa kulima kahawa katikati ya miaka ya 1930, fedha ya kahawa ilikuwapo, na baadaye ya majani ya chai na ya miraa. Kiatu kilikuwa alama ya staha: cha ngozi nyeusi, chembamba kwa mbele, cha kuvaliwa Jumapili na siku ya mkutano. Kwa mguu mzima hakikuwa na neno. Kwa mguu wenye baridi yabisi kilikuwa adhabu, kwa maana kiliubana mahali pale pale palipovimba. Na wazee wengi, wanaume kwa wanawake, waliivumilia adhabu hiyo hata ngozi ikachubuka, kuliko kuonekana miguu mitupu mbele ya mchungaji. Vilifuata viatu vya plastiki, sandaki, vya bei ndogo na vya kuoshwa kwa maji, ila vilivyochemsha mguu. Na buti za mpira za wachuma chai, ambazo zimewaokoa na matope na kuwaletea ukungu baina ya vidole kwa kushinda ndani ya unyevu tangu asubuhi hata jioni.

Katikati ya hivyo vyote alikuwapo fundi wa akala. Huyu huchukua gurudumu la gari lililochakaa, akalipasua, akamwambia mteja aweke mguu juu ya kipande, akauzungushia chaki, akakata kwa kisu kilicholoweshwa maji, akapigilia kanda za mpira kwa misumari midogo. Unaweza kumwona katika soko la Gakoromone mjini Meru, na katika masoko ya Embu. Akala imedharauliwa kama kiatu cha maskini, na mimi nataka kuitetea, kwa sababu ina sifa tatu ambazo mafundi wa viatu vya hospitali huko Ulaya hutoza fedha nyingi kuzitengeneza. Kwanza, hukatwa kwa umbo la mguu wa mwenyewe, hata kama mguu huo umepanuka na kupinda, ilhali kiatu cha dukani huudai mguu ujifanye wa kawaida. Pili, ni wazi mbele, vidole vilivyojikunja havigusi paa. Tatu, na hii ndiyo iliyonistaajabisha nilipoifikiria, mpira wa gurudumu ni mgumu na una mviringo wake wa asili, hata unyayo hubingirika mbele bila ya vidole kulazimika kukunjwa, na kukunjwa huko ndiko kunakomtia uchungu mgonjwa. Kasoro zake ni wazi pia: haina ulaini wowote juu yake, na vichwa vya misumari vikijitokeza huchoma. Mwingereza Paul Brand, aliyefanya kazi ya upasuaji kwa wakoma wa Vellore nchini India tangu 1946, aliionyesha dunia kwamba kandambili yenye tabaka la mpira laini juu ya tabaka gumu huzuia vidonda vya nyayo kuliko dawa nyingi, na kanuni hiyo imetoka kwa wakoma ikaenda kwa wenye kisukari na wenye maradhi ya viungo. Fundi wa Gakoromone akibandika sponji ngumu juu ya akala, akashona kanda pana kwa uzi badala ya msumari, na kuweka kifungo cha kunata ambacho mkono uliopinda unaweza kukifungua, atakuwa ametengeneza kiatu cha maana kwa bei ambayo mkulima anaweza kuilipa.

Hali ya leo nitaipitia kwa ufupi. Chogoria na Maua zingalipo, hospitali ya Nkubu iko, na hospitali kuu za Meru na Embu zimekuwa chini ya serikali za kaunti tangu 2013. Mabingwa wa maradhi ya viungo nchini Kenya ni wachache, na wengi wao wamo Nairobi. Dkt. Omondi Oyoo wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walishirikiana na wataalamu wa ng'ambo katika mradi wa Uwezo ili kuwafundisha wahudumu wa mikoani kuchunguza viungo, na kazi hiyo ilistahili kuendelezwa. Methotrexate hupatikana, nayo hutuliza maradhi yenyewe kwa wengi wanaoitumia mapema, hata mguu usifike kuharibika. Lakini dawa hiyo, kama vile prednisolone inayonunuliwa ovyo madukani, hupunguza nguvu ya mwili kupigana na vijidudu, na prednisolone ikitumiwa muda mrefu huifanya ngozi nyembamba. Kwa mtu wa namna hiyo tundu la funza si jambo dogo tena. Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kuzuia funza mwaka 2014, na utafiti uliofanywa Kenya yenyewe katika miaka hiyo ulionyesha kwamba mafuta ya dimetikoni humziba funza pumzi akafa ndani ya ngozi bila ya kuchokolewa, jambo linalotuepusha na pini moja kupita miguu ya watu kumi pamoja na maradhi ya damu yanayofuatana nayo.

Basi kuna desturi za kuachwa na desturi za kushikwa. Pini ya pamoja iachwe. Wembe wa kukwangua sugu uachwe, na maji ya moto mno ya kukandia, ambayo mguu uliokufa ganzi hauyahisi mpaka ngozi itoke, yapimwe kwanza kwa kiwiko. Bali beseni la jioni lirudi mahali pake: mguu uoshwe kwa maji vuguvugu na sabuni, ukaushwe mpaka baina ya vidole, upakwe mafuta kwenye kisigino na mgongo wa mguu bila ya kujaza baina ya vidole, kucha zikatwe mraba, na macho ya mjukuu yautazame unyayo ambao shingo ya bibi haiwezi kuugeukia. Kidonda kisichoanza kufunga kwa siku chache, au mguu uliovimba ghafula na kuwaka moto, usisubiri siku ya soko. Na fimbo, ambayo mzee wa mlimani huibeba kwa heshima, ishikwe mkono wa upande wa pili wa mguu unaouma, maana wengi huishika upande uleule na kukosa nusu ya faida yake.

Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilituma vijijini wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, kila mmoja na mkoba wake wa kupimia shinikizo la damu na sukari. Hao ndio wanaoingia nyumba ambazo daktari hafiki, na ndani ya nyumba hizo yumo yule mama niliyemtaja, miguu yake imefichwa chini ya kanga. Nawaomba wakuu wa afya wa Meru, Tharaka-Nithi na Embu wawafundishe wahudumu hao kutazama nyayo, na waagize katika kila kliniki kwamba mgonjwa wa viungo avuliwe viatu kabla ya kuandikiwa dawa.